Kikohozi cha Nguchiro

Ntalikwa, Tabora
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Damas Lugembe, Kigwa.

Tumsifu Yesu Kristo, Baba, na shikamoo. Najua umeitikia, hata kama ni kwa sauti ya chini, maana salamu hujawahi kumnyima mtu, hata yule jirani mliyegombania naye mpaka wa shamba miaka sita. Hali yako ikoje? Goti la kulia linakuachia usingizi sasa mvua zimeanza? Na shangazi Koleta, mzima? Najua yeye ndiye anayekusomea. Shangazi, shikamoo. Soma polepole, na nakuomba usiruke mahali, hata pale utakapotamani kuruka.

Sisi huku tunaendelea. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne, mkweo Wilbroad ameanza kuhamisha miche ya tumbaku kwenda shambani, na mimi nimemaliza kuweka michembe ya mwisho, viazi vyetu vya kukausha, ndani kabla haijaloa. Damas mdogo, huyu mwenye jina lako, ametimiza miezi minane, ana meno mawili na hasira za mtu mzima. Dada yake, mkeo Julieth, mdomo haufungi. Juzi aliulizwa na jirani mume wake yuko wapi, akajibu mume wangu mzee yuko Kigwa, amenikasirikia. Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, nikaingia ndani.

Ningekupigia simu, Baba, lakini simu zangu hupokei, na shangazi amechoka kusingizia kwamba umeenda kisimani. Halafu jambo lenyewe ni refu, na salio langu ni la kuungaunga. Nimeona niandike. Darasa la saba langu unalijua, na huyu mtoto yuko mapajani anaitaka kalamu, kwa hiyo pale mwandiko unapopinda mnisamehe.

Shangazi ameniambia mizinga yako yote umeigawa. Ile ya magome uliyoitundika mwenyewe, mingine kabla sijazaliwa, umempa kila aliyepita. Ameniambia huingii tena porini, na watoto wa kaka wakija kukusalimia unawaambia wasimame mlangoni, eti mikono yako imeshika vitu vichafu vya msituni. Hapo ndipo niliposema hapana. Mtu asiye na kosa hawezi kuishi hivyo, nami najua na nimenyamaza.

Naanza na Karani, ingawa mwanzo wake unaujua kuliko mimi, kwa sababu nataka na wengine watakaosikia barua hii wausikie.

Mwaka jana, mvua zilipoanza hivi hivi, ulitoka kurina asali ukiwa na mtoto wa nguchiro ndani ya shati. Ulitueleza kuwa mbwa wa wawindaji walikuwa wameua mama yake na ndugu zake, akabaki huyo mmoja kwenye shimo la kichuguu, mkubwa kama panya. Ukasema mahali penye nguchiro nyoka hapakai, na mimi nilikuwa na mimba na Julieth anaingia kila kichaka, basi ukaona ni zawadi inayofaa. Wilbroad ndiye aliyempa jina. Alipoanza kusimama kwa miguu ya nyuma, kifua mbele, akituangalia mmoja mmoja, Wilbroad akasema huyu ni karani wa tumbaku kabisa, anasubiri tumpelekee mzigo aukatae. Jina likashika. Hata mama mkwe wangu, ambaye leo hataki kulisikia, alikuwa anamwita Karani anamtupia yai viza.

Alikuwa mdogo mno, hawezi kula kitu kigumu. Ulinionyesha wewe mwenyewe, ukaniambia nimtafunie kama ninavyomtafunia Julieth, la sivyo hafiki Jumapili. Na mimi nikafanya hivyo. Nyama ngumu ya Julieth nilikuwa naitafuna kwanza ndiyo nampa, kama bibi alivyotutafunia sisi, kama wanawake wote wa kwetu wanavyofanya mtoto akiwa hana magego. Basi nikawa natafuna karanga au kipande cha nyama, nusu kwa Julieth, nusu kwa Karani. Alikuwa anaichukua mdomoni mwangu moja kwa moja, Baba. Anaweka vile vikono vyake viwili kidevuni kwangu na kuchukua. Miezi miwili mizima nilimlea namna hiyo, akawa anatufuata hadi kwenye bani tunamokaushia tumbaku kwa moto, na nyoka kweli hatukuona.

Mwezi wa sita mwaka huu akaanza kukonda. Pua ikavimba, akawa anapiga chafya, kisha kikohozi. Wewe ulikuwa hapa wiki mbili, ulikuja kumwona wajina wako, na ulimlaza Karani kwenye koti lako ukasema ni vumbi la kiangazi. Ulipoondoka hakuchukua mwezi.

Wakati huohuo alikuwa anazunguka kata yetu daktari wa mifugo, mwanamke kijana anaitwa Najiat, mtoto wa mjini kwenye familia za zamani za wafanyabiashara, anaendesha pikipiki na hijabu yake imefungwa vizuri chini ya kofia ngumu. Yeye na wenzake wanachunguza kifua kikuu cha wanyama. Aliitisha watu shuleni akatueleza kuwa wanyama wa porini nao wanaugua. Nyati, tandala, ngiri, hata simba akimla nyati mgonjwa. Akasema ng'ombe wanapopelekwa kunywa maji na kulisha ndani ya hifadhi wanachangia majani na maji na nyati, na ugonjwa unapita kwenda na kurudi. Akatuonya kuhusu maziwa mabichi na nyama pori ya kuokota, kwamba ukipasua mnyama ukakuta mapafu yana punje nyeupe kama ugali mkavu, usikate pale pabaya ukala palipobaki. Wanaume walitazamana. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, sasa tule nini daktari, tumbaku? Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao, kisha akasema yeyote mwenye mnyama anayekohoa nyumbani, wa kufugwa au wa porini, amwite.

Karani alikufa alfajiri ya siku ya tatu baada ya mkutano ule. Wilbroad akamwita. Alimpasua nyuma ya choo, amevaa glavu na barakoa, na akaniita nione. Mapafu yalikuwa yamejaa zile punje. Akachukua vipande akavitia kwenye vichupa, akamzika Karani mwenyewe kwa kina, akatuambia vipimo vinakwenda mbali na majibu yatachelewa sana, lakini tusisubiri, nyumba nzima tukapime.

Tukaenda. Na hapo ndipo zile tezi za shingoni mwa Julieth, ambazo mimi nilikuwa nasema ni mafua, zikakutwa ni kifua kikuu cha tezi. Wilbroad hakuwa nacho. Mama mkwe hakuwa nacho. Mimi nikaandikiwa sina. Julieth akaanzishiwa dawa siku ileile.

Yaliyofuata unayajua, lakini wacha niyaseme. Mama mkwe Consolatha alizunguka majirani wote akisema nyumba ya Lugembe inakuja na asali mkono huu na maradhi mkono ule. Ndugu wa Wilbroad wakaitisha kikao mwezi wa nane, baba yao mkubwa Masanja akawa mwenyekiti, na wewe ukaitwa kutoka Kigwa. Masanja si mtu mbaya, lakini siku ile alizungumza kana kwamba anahutubia mnada. Akasema kuna wazee wanadhani msitu ni stoo yao, wanabeba chochote chenye manyoya na kuwapelekea wajukuu. Akakuuliza kama na chatu utamleta, mtoto achezee kamba. Watu wakacheka tena, kicheko kingine kabisa. Na wewe ulisimama, Baba, ukavua kofia, ukamwomba radhi Wilbroad. Wewe, baba mkwe wake, mbele ya mama yake. Ulisema hukujua, lakini kutojua si kinga, na ulichokileta kwa mkono wako ni chako.

Wilbroad alitazama chini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jamvi na wanawake, namnyonyesha Damas. Ningesema neno moja tu pale, kikao kingeisha. Nilimhamisha mtoto ziwa hili kwenda lile.

Sasa sikiliza.

Mwishoni mwa mwezi uliopita daktari Najiat alirudi. Alinikuta peke yangu nachambua mboga. Alikataa kiti, akakaa kwenye kigoda kama mimi, akasaidia kuchambua. Akaniambia majibu ya Karani yametoka. Akasema kuna vimelea vya kifua kikuu vinavyokaa zaidi kwa ng'ombe, hivyo ndivyo vinavyohamia kwa nyati na tandala, na kuna vinavyokaa kwa watu. Maabara inaweza kuvitofautisha. Vya Karani vilikuwa vya watu.

Nilimwambia sijaelewa, ingawa nilielewa. Akarudia taratibu. Akasema sisi huwa tunaogopa ugonjwa wa porini kuja nyumbani, lakini safari hii mnyama ndiye aliyeupata kwetu. Alitoka msituni mzima, akaambukizwa hapa. Kuna mtu mwenye kikohozi alikuwa naye karibu sana, pua kwa pua, kwa muda mrefu. Akaniuliza nani alikuwa anamlisha. Hakuniuliza kwa ukali. Alikuwa anachambua mchicha huku akiangalia mchicha.

Baba, ni mimi.

Na si kwamba nilijua siku ile tu. Nilijua tangu mwanzo kwamba ninao, na hili ndilo lililo gumu kuliandika. Mwaka jana, mwezi wa nane, kabla Karani hajaja, nilikuwa nimekohoa wiki tano. Nyumbani tulisema ni moshi wa bani. Siku moja nikapitia zahanati moja mjini nilipokwenda mtaa wa Ng'ambo kununua kitambaa, nikapimwa, nikaambiwa nina kifua kikuu, dawa ni miezi sita na ni bure. Nikazimeza miezi miwili kwa siri, nimezificha ndani ya debe la mbegu za karanga. Mimba ilikuwa changa, kila kidonge nilikuwa nakitapika, na kikohozi kikawa kimekata. Na nilikuwa naogopa. Unamkumbuka shemeji yake Wilbroad, mke wa kaka yake? Alipoambiwa anao alitengewa sahani, kikombe, hadi kata ya maji, na haukupita msimu akarudishwa kwao na vyombo vyake vikiwa vimefungwa kwenye khanga. Nikajiona mimi na mimba yangu kwenye gari la kwenda Kigwa. Nikaacha dawa. Zilizobaki nilizitupa chooni.

Wahudumu waliponipigia kuniuliza mbona sionekani, niliwaambia nimehamia Kigwa kwa baba yangu kujifungulia, nitaendelea na dawa huko. Wakaandika hivyo. Kwa hiyo Baba, kabla hujabebeshwa la Karani, nilikuwa nimeshakutumia kujifichia mara moja.

Kikohozi kilirudi baada ya Krismasi, kidogo, cha asubuhi tu. Nami nikaendelea kutafuna, kwa Julieth na kwa Karani. Daktari Najiat anasema huenda hata si ule mdomo, hewa tu ya kukohoa karibu inatosha, na mtoto alikuwa analala mgongoni na kifuani kwangu. Lakini kila nikikumbuka vile vikono kwenye kidevu changu, najikuta napangusa kidevu kwa kanga.

Na siku tulipokwenda kupima nyumba nzima, utajiuliza mbona niliandikiwa sina. Tulipewa vikopo vya makohozi. Tuliambiwa tuvute pumzi, tukohoe kutoka chini kabisa kifuani. Nilikwenda nyuma ya jengo nikatema mate ya mdomoni tu, mate matupu, nikafunga kifuniko. Nilijua ninachofanya. Picha ya kifua nilipangiwa kesho yake, sikurudi.

Nilipomaliza kumweleza daktari Najiat haya, mboga zilikuwa zimeisha na bado tumekaa. Hakunisema. Aliniambia nivae kanga nyingine nimchukue mtoto, akatupakia kwenye pikipiki yake hadi kituo cha afya. Nesi wa pale ni Mgogo, mama mnene mwenye sauti, na aliposikia jina langu la ukoo akaanza utani palepale. Akasema babu zako Wanyamwezi walipita kwetu Ugogo na mizigo vichwani kwenda pwani, tukawatoza ushuru kila kisima, leo ushuru wako ni kohozi, tena la kweli, usinipe maji. Nililia na kucheka. Nikamwambia yote mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa nyepesi kidogo. Akanishika bega akasema mtani, ukoo wenu mnajua sana kubeba, kutua ndiyo hamjui.

Majibu yalitoka siku ileile: ninao. Namshukuru Mungu si ule sugu, dawa za kawaida zinaukubali, ingawa nimeonywa kwamba kuacha njiani ndivyo watu wanavyoutengeneza ule sugu. Leo ni siku ya kumi na tisa. Kila asubuhi nameza mbele ya Wilbroad, naye anatia alama kwenye kadi. Damas mdogo amepimwa hana, anapewa dawa ya kinga, na wamenihakikishia niendelee kumnyonyesha, maziwa hayana kosa, ila nivae barakoa hadi waniambie basi. Julieth tezi zimenywea, amebakiza miezi miwili. Kumtafunia mtoto nimeacha, nawaambia na wanawake wengine wasage kwenye kinu. Nachoka, Baba, sikufichi. Dawa zinanichosha, mtoto ananichosha, shamba linasubiri. Lakini ni uchovu wa mtu anayelala usingizi.

Wilbroad nilimwambia jioni hiyohiyo niliporudi na dawa, nikiwa namenya viazi ili macho yangu yawe na kazi. Alitoka nje. Nikamsikia anapasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Aliporudi hakuuliza habari za siri, wala za dawa nilizotupa. Aliuliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema basi mimi nilipokea radhi isiyo yangu. Wiki nzima hakuwa na maneno mengi na mimi, na sikumdai. Tangu wiki iliyopita amenisogelea, na sahani yangu hajaitenga, na mama yake alipoanza kuitenga aliirudisha mwenyewe mezani. Mama yake sababu ya dawa hajaambiwa yote. Anajua naumwa, anaamini ni maradhi ya Karani. Anaamini ni yako.

Sasa nakuomba mambo, na nayaomba kama mtoto, lakini moja silegezi.

Nenda kapime. Ulikaa kwangu wiki mbili mwezi wa sita, kila jioni tulikaa chumba kimoja milango imefungwa kwa sababu ya mbu, nami nilikuwa nakohoa nikisema ni vumbi. Shangazi ananiambia na wewe una kikohozi cha asubuhi siku hizi. Hapo ndipo silegezi. Usiseme ni uzee. Zahanati ya hapo Kigwa wakikupa kikopo, kohoa kweli, usifanye alivyofanya mwanao. Shangazi Koleta naye apime.

Mizinga yako irudie. Mwombe kila uliyempa akurudishie hata mmoja mmoja. Watoto wa kaka ukishapimwa waite ndani, uwapakate. Hakuna kilichotoka msituni kwa mkono wako kikatuumiza. Ulituletea mnyama mzima na sisi tukamuua, na hiyo ndiyo habari yake yote.

Najua utakachofikiri hapa, maana nakujua. Utasema, basi mwanangu, yameisha, mimi mzee nina siku ngapi, acha hili libaki kwangu, wewe una ndoa na watoto wadogo. Utamwambia shangazi aikunje barua hii aitie kwenye moto wa jiko, na kesho kama kuna mtu atakuuliza utasema ni salamu tu. Ungeweza kubeba hilo mpaka kaburini bila kunung'unika. Ndiyo maana sikukuuliza.

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Kesho Jumapili, baada ya misa, Wilbroad ameita watu walewale wa kikao kile, uwanja uleule, baba mkubwa Masanja kwenye kiti chake na mama mkwe na wanawake wa jamvini. Wameambiwa kuna habari kuhusu ugonjwa wa Julieth. Nitasimama, nitawasomea yote mimi mwenyewe, pamoja na mahali nilipotema mate, pamoja na mahali nilipomhamisha mtoto ziwa. Daktari Najiat amesema atakuja kukaa pembeni, wakiuliza habari za vimelea awajibu yeye. Wakiniambia nifungashe, nitafungasha, dawa zangu zikiwa juu ya mzigo. Sidhani, lakini sijui.

Nakala hii nyingine nampa Mfaume, yule wa mitumba, anayeshusha mzigo Kigwa kila Jumatatu ya gulio. Nimemwapiza asiondoke nayo kabla. Kwa hiyo Baba, hapa unaposikia haya, Jumatatu hii, jambo limekwisha kusemwa jana mbele ya watu wote, na jina lako limesafishwa iwe wamependa au hawakupenda. Hata ukiichoma sasa, utakuwa umechoma karatasi tu.

Nisalimie kaka na mkewe na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Nisalimie majirani na wale wazee wa kwaya. Shangazi, asante kwa kusoma, na kama umelia pole, mpe Baba maji ya kunywa kwanza ndipo umwache peke yake. Wilbroad anakusalimu, ana lake la kukuambia na atakuja kulisema kwa mdomo wake, hataki niandike. Mkeo Julieth amechora hapo chini, anasema ni wewe. Damas mdogo amefanikiwa kuipata kalamu, ule mstari mrefu pembeni ni wake.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Hilo nitakuja kuliomba mwenyewe wakishaniambia pumzi yangu ni salama kwako.

Mimi binti yako niliyekukosea, niliye kwenye dawa, na ninayekupenda,

Apolinaria Damas